Sir Humphry Davy: Aliyezuia bahari isile shaba, akaumbuliwa na mwani

JANUARI 22, 1824, taarifa moja ya kisayansi ilisomwa mbele ya wanachama wa Royal Society, chama kikongwe cha wanasayansi wa Uingereza, mjini London. Ilihusu jambo ambalo mabaharia walilifahamu kwa miaka mingi na ambalo hazina ya serikali ililifahamu kwa uchungu zaidi. Maji ya bahari yalikuwa yakila mabamba ya shaba yaliyofunika sehemu ya chini ya meli za kivita, na hapakuwa na aliyejua namna ya kuyazuia.

Mwandishi wa taarifa hiyo alikuwa ndiye rais wa chama chenyewe, Sir Humphry Davy. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 45, tajiri, mwenye cheo cha heshima kutoka kwa mfalme na jina lililojulikana Ulaya nzima. Alikuwa amekwisha kugundua metali kadhaa zisizojulikana kabla yake na kuwapa wachimbaji wa makaa ya mawe taa iliyobeba jina lake. Hakuna aliyedhani kwamba kabla ya mwaka 1825 kumalizika, vipande vidogo vya chuma vilivyopigiliwa kwenye meli vingemfanya achekwe magazetini.

Kisa hicho cha takriban miaka 200 iliyopita kina jamaa zake katika gereji za leo. Zipo injini za alumini zenye umbo la herufi V ambazo hufungwa supachaja, yaani pampu inayosukuma hewa nyingi ndani ya silinda ili kuongeza nguvu. Mara nyingi supachaja hukaa juu ya bonde linalotenganisha safu mbili za silinda. Kwa kuwa inapiga kelele, baadhi ya watengenezaji huweka sponji chini yake ili imeze sauti. Sponji hiyo humeza maji pia. Mvua, maji ya kuoshea injini na yale yanayovuja kutoka kwenye mfumo wa kupoozea, yote huishia humo, na bonde halipati nafasi ya kukauka. Siku fundi anapoinua supachaja, hukutana na unga mweupe, vishimo katika alumini na boliti zilizoganda mahali pake.

Anayetaka kuelewa kwa nini sponji laini inaweza kuila injini hana budi kumrudia Davy, mtu ambaye hakuwahi kuona gari wala injini ya petroli.

Humphry Davy alizaliwa Desemba 17, 1778, katika mji wa Penzance, mkoani Cornwall, kusini magharibi kabisa mwa Uingereza. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano wa Robert Davy, mchonga mbao ambaye kipato chake kilikuwa cha kubahatisha, na mkewe Grace. Robert alifariki dunia mwaka 1794 na kuiacha familia katika hali ngumu. Mwaka uliofuata kijana huyo akapelekwa kujifunza kazi kwa John Bingham Borlase, tabibu na muuza dawa wa mjini hapo. Huko, kati ya chupa na mizani, ndiko alikoionja kemia. Hakuwahi kusoma chuo kikuu.

Jirani na Penzance upo mji mdogo wa Hayle, ambao wakati ule ulikuwa na kiwanda cha kuyeyushia shaba na bandari. Malango ya kuzuia maji katika bandari hiyo yalikuwa na sehemu za shaba na sehemu za chuma zilizogusana, na maji ya chumvi yalikuwa yakiyala kwa kasi ya kushangaza. Kijana Davy, aliyeruhusiwa kutumia maabara ya hapo, aliyaona. Katika siku hizo hakuna aliyeweza kueleza kwa nini chuma kikae salama kikiwa peke yake kwa muda mrefu, lakini kioze upesi kikiwekwa bega kwa bega na shaba ndani ya maji ya bahari.

Mwaka 1798 alihamia Bristol kufanya kazi na Dk. Thomas Beddoes katika taasisi iliyotaka kutibu maradhi kwa kuvuta gesi. Davy alijijaribia mwenyewe gesi moja baada ya nyingine, na kuna siku alinusurika kufa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1800 alidokeza kwamba oksidi ya naitrasi, ambayo wengi wanaifahamu kama gesi ya kuchekesha, ingeweza kuondoa maumivu wakati wa upasuaji. Madaktari hawakulizingatia dokezo hilo kwa zaidi ya miaka 40, na wagonjwa wakaendelea kupasuliwa wakiwa macho.

Mwaka huo huo wa 1800, Mwitaliano Alessandro Volta alitangaza kifaa kilichobadili maisha ya Davy. Kilikuwa rundo la visahani vya metali mbili tofauti, na kati ya kila jozi kipande cha kitambaa au karatasi nzito iliyoloweshwa maji ya chumvi. Ilikuwa betri ya kwanza duniani. Metali mbili zilizogusana, na kati yake kitu kilicholowa, vilitosha kutoa umeme.

Msomaji anayeikumbuka sponji ya kwenye injini ameshaona mambo yanakoelekea. Boliti za chuma zilizokazwa katika bloku ya alumini ni metali mbili zilizogusana. Sponji iliyolowa na kuzilalia zote mbili inafanya kazi ya kile kitambaa cha Volta. Tofauti ni kwamba betri hii hakuna aliyekusudia kuiunda, na nguvu yake haiwashi taa. Inaishia kuila metali iliyo dhaifu zaidi kati ya hizo mbili, ambayo ni alumini. Kwa kawaida alumini hujikinga kwa utando mwembamba unaojitengeneza juu yake inapokutana na hewa. Chini ya sponji yenye maji, na hasa maji yenye chumvi kama ile inayomwagwa barabarani wakati wa barafu huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, utando huo hutoboka na hewa haifiki vizuri kuukarabati. Vishimo huanzia hapo.

Davy aliitwa London mwaka 1801, katika Royal Institution, taasisi iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu. Mihadhara yake ikawa gumzo la jiji. Wanawake na wanaume wa tabaka la juu walijaza ukumbi kumtazama kijana mwenye sura nzuri akilipua vitu na kuwasha cheche. Mshairi Samuel Taylor Coleridge, rafiki yake tangu Bristol, naye alikuwa akihudhuria.

Kazi yake ya maana zaidi ilifanyika mbali na makofi. Mwaka 1806 alieleza kwamba nguvu zinazoziunganisha elementi katika kemia zina asili moja na umeme. Kwa kazi hiyo wanasayansi wa Ufaransa walimtunuku nishani mwaka 1807, ingawa nchi yao ilikuwa vitani na Uingereza. Oktoba mwaka huo huo alipitisha umeme katika magadi yaliyoyeyushwa kwa moto na kupata potasiamu, kisha sodiamu. Mwaka 1808 zikafuata kalsiamu, bariamu, strontiamu na magnesiamu. Si rahisi kumtaja mtu mwingine wa zama hizo aliyeongeza metali nyingi kiasi hicho katika muda mfupi namna hiyo.

Metali moja ilimshinda. Aliamini kuwa ndani ya shabu, ile inayotumika kusafishia maji, imejificha metali ambayo alijaribu kuitoa bila mafanikio. Hata hivyo aliipa jina, na baada ya kulibadili kidogo, likatokea jina ambalo Kiswahili kinalitamka alumini. Aliyefanikiwa kuitoa kwa mara ya kwanza ni Hans Christian Ørsted wa Denmark, mwaka 1825. Kwa maneno mengine, metali inayotoboka chini ya sponji ilipata jina lake kwa Davy kabla haijaonekana kwa macho ya mtu yeyote.

Aprili 8, 1812, alipewa cheo cha Sir, na siku tatu baadaye akafunga ndoa na Jane Apreece, mjane tajiri. Ndoa hiyo haikuwa na watoto wala utulivu mwingi. Mwaka huo pia aliumia macho katika mlipuko wa maabara, na ajali hiyo ilimfungulia mlango kijana mfunga vitabu, Michael Faraday, ambaye aliajiriwa kuwa msaidizi mwaka 1813.

Taa ya wachimbaji ilikuja mwaka 1815. Mei 1812 mlipuko wa gesi uliwaua watu 92 katika mgodi wa Felling, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Davy alipoombwa msaada aliuzungushia mwali wa taa wavu wa waya, ambao hunyonya joto na kuuzuia moto usitoke nje kuifikia gesi. Alikataa kuchukua hataza ya uvumbuzi huo. Palizuka ugomvi mkali kati yake na George Stephenson, ambaye naye alibuni taa kwa wakati ule ule, na katika ugomvi huo Davy hakuonyesha ungwana aliousifiwa mahali pengine.

Taa hiyo nayo haikukwepa adui aliyekuwa akimsubiri baharini. Wavu wake ulikuwa mwembamba, na migodi ina unyevu. Uliposhika kutu na kupata tundu, taa iliyokusudiwa kumlinda mchimbaji iligeuka kiberiti mkononi mwake. Isitoshe, wenye migodi walipopata taa waliwarudisha watu katika mashimo yaliyokuwa yamefungwa kwa kuogopwa, na milipuko ikaendelea kuua.

Mwaka 1820 alichaguliwa kuwa rais wa Royal Society. Mwanzoni mwa mwaka 1823 wasimamizi wa jeshi la majini wakakiletea chama hicho swali la shaba.

Suala hilo lilikuwa na historia. Meli za mbao zilikuwa na maadui wawili chini ya maji: minyoo ya baharini inayotoboa mbao, na mwani pamoja na viumbe wenye magamba magumu wanaojibandika na kuipunguzia meli mwendo. Katika pwani ya Afrika Mashariki mabaharia walikabiliana nao kwa kuvipandisha vyombo ufukoni na kuvipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Waingereza walijaribu kuvifunika kwa shaba. Meli ya kwanza ya kivita kufunikwa hivyo ilikuwa HMS Alarm, mwaka 1761.

Miaka miwili baadaye Alarm ilipokaguliwa, shaba ilikuwa safi lakini misumari ya chuma iliyoigusa ilikuwa imeoza. Wakaguzi wakaona jambo jingine. Pale ambapo karatasi ya kahawia iliyofungiwa mabamba ilikuwa imesahauliwa kati ya shaba na msumari, msumari ulikuwa mzima. Karatasi ile ilizitenganisha metali mbili zisigusane, ndiyo maana ikaokoa. Sponji ya kwenye injini hufanya kinyume chake: haizitenganishi, bali hukaa juu yake na kuzipatia maji ya kuziunganisha. Kinachoamua ni mahali kitu kinapokaa na kama kinashika maji, wala si ulaini wake.

Kufikia miaka ya 1820 misumari ya chuma ilikuwa imeachwa, lakini shaba yenyewe ililiwa, na katika baadhi ya meli iliisha upesi kuliko ilivyotarajiwa. Wengi walidhani wauzaji walikuwa wakichanganya shaba na takataka. Davy alipima na kukuta kwamba hata shaba safi huliwa. Ndipo alipoligeuza swali. Badala ya kutafuta shaba bora zaidi, alitafuta metali dhaifu zaidi ya kuliwa kwa niaba yake.

Katika maabara, zinki yenye ukubwa wa punje ya njegere, au ncha ya msumari mdogo wa chuma, ilitosha kulinda inchi za mraba 40 hadi 50 za shaba. Faraday alishiriki katika kazi hiyo. Majaribio yakahamia bandari ya Portsmouth, na huko nako chuma chenye eneo lisilozidi sehemu moja kwa mia moja ya eneo la shaba kiliisimamisha kabisa kazi ya bahari. Shaba iliyolindwa ilibaki na uzito wake mwezi hadi mwezi, huku chuma kikiyeyuka.

Inafaa kutajwa kwamba Januari 8, 1824, majuma mawili kabla ya taarifa ya shaba kusomwa, Faraday alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society licha ya upinzani wa rais wake, ambaye ni Davy huyo huyo. Mkubwa aliyekuwa mkarimu kwa wachimbaji asiowajua alishindwa kuwa mkarimu kwa kijana aliyemlea.

Katika kiangazi cha 1824 Davy alisafiri kwa meli ya mvuke Comet hadi pwani za Skandinavia kuupima uvumbuzi wake chomboni kikiwa safarini. HMS Samarang, manowari iliyojengwa India kwa mbao za msaji, ilifungwa vikinga vya chuma na kutumwa Nova Scotia. Taarifa za awali zilitia moyo. Jeshi la majini, lililokuwa na haraka ya kuokoa fedha, likaanza kuvifunga katika meli nyingine bila kusubiri majaribio ya muda mrefu.

Kisha meli zikarejea bandarini. Shaba ilikuwa nzima kama alivyoahidi, lakini ilikuwa imefunikwa na mwani na viumbe wa magamba. Meli zilizokuwa zikikimbia zilijikokota kama zilizofungwa nanga.

Sababu yake ilikuwa chungu. Shaba haikuwa ikiilinda meli kwa ugumu wake. Ilipokuwa ikiliwa na bahari kidogo kidogo, ilitoa sumu iliyofukuza kila kilichotaka kujibandika. Davy aliisimamisha shaba isiliwe, na kwa kufanya hivyo akaiondolea sumu. Zaidi ya hapo, shaba iliyolindwa kupita kiasi ilijipaka ukoko wa chokaa kutoka kwenye maji ya bahari, na ukoko huo ukawa shamba zuri la mwani. Hasara iliyokuwa ikilalamikiwa ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi.

Davy alijaribu kupunguza ukubwa wa vikinga ili shaba iliwe kidogo tu, kiasi cha kutosha kuwafukuza viumbe hao. Hesabu hiyo ilikuwa ngumu kuipata katika meli zenye mwendo tofauti na bahari tofauti. Julai 1825 amri ikatolewa kuviondoa katika meli zinazosafiri. Magazeti hayakumhurumia, na maadui aliowapata kwa majivuno yake, ambao hawakuwa wachache, walifurahi waziwazi. Yeye aliamini mpaka mwisho kwamba waliokosea ni watekelezaji. Ni kweli kwamba jeshi lilikimbilia, lakini hata yeye aliyeahidi mafanikio mapema mno hawezi kuondolewa lawama.

Mwishoni mwa mwaka 1826 alipatwa na kiharusi, na mwaka uliofuata akaachia urais. Miaka yake iliyobaki aliimaliza akizunguka Italia na milima ya Alps, akivua samaki na kuandika. Kitabu chake kuhusu uvuvi kilitoka mwaka 1828. Alifariki dunia mjini Geneva, Mei 29, 1829, akiwa na umri wa miaka 50, na kuzikwa huko huko katika makaburi ya Plainpalais.

Wazo lake halikuzikwa naye. Mwaka 1837 mhandisi wa Ufaransa, Stanislas Sorel, alichukua hataza ya kupaka chuma zinki, na kazi ya namna hiyo ndiyo iliyoleta mabati yanayoezeka nyumba kuanzia Mombasa hadi Bujumbura. Zinki huliwa ili chuma kibaki. Meli zilipoacha mbao na kuwa za chuma, kosa la Davy liligeuka kuwa sahihi, kwa sababu sasa kilichotakiwa ni mwili usiliwe, na mwani ukaachiwa rangi zenye sumu. Mwaka 1928 Mmarekani Robert Kuhn alitumia kanuni hiyo kulinda bomba la gesi lililofukiwa ardhini huko New Orleans. Mashine za boti za wavuvi katika Bahari ya Hindi nazo hufungwa vipande vya zinki au alumini, ambavyo fundi hubadilisha vikishaliwa.

Kwenye injini ya gari dawa hiyo haisaidii sana. Kikinga cha Davy kinahitaji maji yanayokizunguka pamoja na kile kinacholindwa, ili umeme upite. Sponji yenye unyevu hapa na ukavu pale haitoi njia hiyo kwa bonde zima, hivyo kipande cha zinki kitalinda sentimita chache na kuiacha iliyobaki. Fundi hana njia fupi: ni kuitoa sponji iliyolowa, kuziba panapovuja, kusafisha chumvi na kuliacha bonde likauke.

Vyombo vya fedha ambavyo wenye migodi walimzawadia Davy kwa ajili ya taa viliyeyushwa baada ya kifo cha ndugu zake, na fedha iliyopatikana ikaanzisha Nishani ya Davy, inayotolewa na Royal Society tangu mwaka 1877. Mjini Penzance, sanamu yake iliyosimamishwa mwaka 1872 inamwonyesha akiwa na taa ya wachimbaji.